Hakuna Aliyenikata

Hakuna aliyenikata. Naanza na hilo kwa sababu hadi leo, mimi bibi kizee wa mkongojo, bado nakutana na watu pale Hurlingham wanaonitazama paji la uso, wakashusha sauti na kuniuliza, "Shosho, hiyo ni panga ya siku zile?" Huwa nawajibu vibaya. Wengine huondoka wakisema nina kiburi, na mimi huwaacha waseme. Nimeulizwa swali hilo tangu nikiwa msichana wa gauni la pamba, na kila aliyeniuliza alikuja na jibu lake mfukoni.

Alama yenyewe ilianza kama doa dogo chini ya nywele, upande wa kulia. Lilikuwa limezungukwa na wekundu wa zambarau na liliwasha kidogo, nikadhani nimeumwa na mdudu. Mama alilipaka mafuta ya mbarika. Doa halikujali mafuta, likaanza kushuka. Ngozi ikawa ngumu na ya kung'aa kama kipande cha sabuni kilichokauka, halafu ikaanza kudidimia, hadi ikawa mtaro ulionyooka kutoka kwenye nywele mpaka karibu na nyusi. Kidole changu kililala ndani yake. Juu ya kichwa nywele ziling'oka kwa kufuata mstari huohuo. Hakukuwa na damu wala usaha wala kidonda.

Mtu wa kwanza kunifanya nicheke juu ya jambo hilo alikuwa shangazi yangu, dada yake marehemu baba. Nilimwita Tata, kama sisi tunavyowaita shangazi zetu. Aliishi kwenye kiwanja chetu, upande wa pili wa ua, huko juu ya Muthangari mahali mashamba yetu yalipokutana na bustani za wazungu. Alikuwa na cherehani ya miguu, na kwa cherehani hiyo alinifunza kazi. Tulishona kaptula za kaki za watoto wa shule. Mhindi mmoja wa River Road alikata vitambaa na kuvichora kwa chaki, sisi tukavichukua, tukashona, tukarudisha vikiwa vimepigwa pasi.

Tata alinishika kidevu akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Fundi gani huyu," akasema, "amekuchora chaki vizuri hivi, halafu akaenda kunywa chai akakusahau?"

Tulicheka mpaka Mama akauliza kutoka ng'ambo ya ua kuna nini. Ndivyo alivyokuwa Tata. Hakunionea huruma na wala hakunikwepa macho. Nilimpenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Kisha ukaja mkono. Asubuhi moja nilikuwa nakunja pindo la kaptula, vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kucheza vyenyewe. Nilivitazama kama vidole vya mtu mwingine. Mdomo ukavutwa upande, nikataka kuita, ulimi ukakataa, na sikumbuki kuanguka. Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya Tata, uzi bado ukining'inia mdomoni mwake, na nyumba nzima ikinuka kitambaa kilichoungua. Alikuwa ameiacha pasi ya makaa juu ya kaptula ya watu ili anidake.

"Pole, mwanangu," alisema. "Kaptula imekufa. Wewe hujafa."

Nilianguka tena, na tena. Mara nyingine ulikuwa mkono tu, ukitetemeka kidogo na kuacha. Mara nyingine niliangushwa mzima mzima, mbele ya watu, kisimani.

Sasa lazima nieleze wakati wenyewe, maana kama ingekuwa miaka mingine labda ningeitwa mgonjwa nikaachwa. Ilikuwa Hali ya Hatari. Kila mtu wa kabila letu alihesabiwa kuwa amekula kiapo cha Mau Mau mpaka athibitishe kwamba hajala, na hakuna aliyejua namna ya kuthibitisha. Homugadi, yaani majirani zetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali, walizunguka vijijini wakitafuta walioapa. Na kiapo kilikuwa na sharti ambalo hata watoto walilijua: ukikivunja, au ukikificha moyoni huku unajifanya mtu wa kanisa, kitakugeukia. Kitakutia wazimu. Kitakuangusha chini mbele ya watu.

Basi kijiji kilikaa kikapiga hesabu yangu bila mimi. Kuna alama ya panga usoni, kuna kuanguka. Wakasema nilikataa kiapo kwanza, nikakatwa, nikaogopa nikala, na sasa kinanitafuna kwa sababu nakificha. Hakuna aliyejiuliza jeraha la panga linapona vipi bila kutoka damu. Wanawake waliokuwa wakichota maji nami kila siku, walioliona doa lilipokuwa dogo kuliko kifungo, waliapa kwamba waliniona nikirudi nyumbani nimefungwa kitambaa kichwani kimelowa damu. Waliona kwa macho yao! Damu hunichemka hadi leo nikikumbuka walivyoielezea rangi ya kitambaa hicho.

Mjini haikuwa afadhali. Siku moja tulikuwa tunapita Hurlingham na mafurushi yetu kichwani, askari akatusimamisha. Aliniinamisha kichwa akabonyeza mtaro wangu kwa dole gumba.

"Nani alikata wewe?"

"Hakuna, afande."

"Hakuna iko na panga?"

Tata alitua furushi lake chini akajishika kiuno. "Afande, hata mimi natafuta huyo mtu sana. Ukishika yeye, niitie."

Askari alicheka bila kutaka, akatuachilia. Kule River Road, Mhindi wetu hakuwa mtu mbaya, lakini naye aliniambia, "Dada, wewe kaa nyuma ya majora. Kastama naona uso yako, naogopa." Nikakaa nyuma ya majora ya kaki, nikisikiliza Tata akibishana naye huko mbele, na nikatamani kuuma kitu.

Ni Tata aliyenipeleka hospitali kubwa ya mjini. Mama hakutaka, alisema hospitali itaita polisi. Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likageuka, kisha daktari wa kizungu akanipima. Alinigonga magoti kwa kinyundo. Alinichoma vidole kwa pini. Alinipima mtaro kwa utepe, kama sisi tunavyopima kiuno cha suruali, akaita wenzake, nao wakaita wenzao, nikakaa kwenye kiti katikati ya makoti meupe wakinigeuza kichwa huku na huku na kusema Kizungu. Hakuna aliyenisalimia. Nilihisi kama kitambaa kinachooneshwa mnunuzi. Lakini mmoja wao, yule wa kwanza, alirudi peke yake akaketi mbele yangu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha shambani:

"Hii hapana panga. Hii magonjwa. Hapana mingi, mimi naona kwa kitabu tu. Iko moto ndani ya ngozi, nakula nyama ya chini, nakula mfupa. Saa ingine nafika ubongo. Hiyo ndiyo naangusha wewe."

Tata alimuuliza kama nimeambukizwa na mtu. Akasema hapana. Kama nimerogwa, akasema hapana. Kama itapona. Akasema alama haitaondoka, lakini kuanguka kunaweza kuzuiwa nikimeza vidonge kila siku bila kuacha. Aliniambia na jina la ugonjwa, refu, likanipita. Miaka mingi baadaye daktari mwingine alinifafanulia kwamba Wafaransa walioupa jina waliona pigo la upanga. Hata wao, na shule zao zote.

Tulirudi nyumbani na vidonge. Tata alivitia kwenye kikopo cha vifungo ili homugadi wakipekua nyumba wasivimwage. Nilimweleza Mama kila neno la daktari. Alinisikiliza, akanipapasa uso, akasema, "Mzungu anajuaje mambo yetu?"

Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Ilinichukua miaka kuandika sentensi hiyo, na bado mkono unagoma. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa akianguka na kutoa povu. Alitaka nipone. Kilichonitia hasira ni kwamba alitaka nipone kwa njia ya mzee wa kanisa la wamisheni.

Mzee huyu alikuwa rafiki wa chifu na homugadi walimsikiliza. Alikuja kwetu akanywa chai, akanitazama kwa huruma ya kujionesha. Alisema kiapo ni uchafu wa rohoni, na dawa yake ni kukiri mbele ya kanisa. Ukikiri, kinakuachilia. Ameona wengi wakipona hivyo.

"Sikula kiapo chochote, Baba," nikamwambia.

"Binti, mwili wako unasema ulikula."

"Mwili wangu una ugonjwa. Daktari amesema."

"Daktari anaona ngozi," akasema, na Mama akaitikia kwa kichwa.

Na kukiri kulikuwa na utaratibu wake, hapo ndipo penye mtego. Ulisimama ukasema ulikula kiapo, ukasema wapi, kisha ukataja aliyekulisha. Bila jina hukukiri, ulipiga porojo. Na jina walilolitaka lilikuwa linajulikana kabla sijafungua mdomo. Tata alikuwa mfuasi wa lile kanisa letu wenyewe lililojitenga na wamisheni, ambalo serikali ililifunga. Baada ya kufungwa hakukubali kurudi kwa wamisheni. Siku za Jumapili alishona. Zaidi ya hayo, aliwahi kumwambia yule mzee mbele za watu kwamba anasali na jicho moja wazi akihesabu waliosinzia. Mambo kama hayo hayasahauliwi.

"Nani anakaa na wewe mchana kutwa?" mzee aliniuliza. "Nani alikuwepo ulipoanguka mara ya kwanza?"

Nilimwambia aende. Nilimwambia mzee wa kanisa, mtu wa rika la babu yangu, atoke nyumbani kwetu na chai yake. Mama alilia jioni nzima kwa aibu, na mimi nikameza kidonge changu nikalala. Nilidhani kukataa kwangu kunatosha. Kama mimi sikula, na mimi sikutaja mtu, nani mwingine angeweza kukiri kwa niaba yangu?

Jumapili iliyofuata nilikaa kando ya Mama kanisani. Mzee aliita wenye mizigo. Wakasimama wawili watatu, wakasema yao. Kisha Mama akasimama. Nilivuta shali yake, nikidhani amekosea. Akaiachia shali ibaki mkononi mwangu.

"Mwanangu ana kiapo," Mama akasema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Yeye hawezi kusema, kimemfunga ulimi. Mimi mama yake namsemea. Alilishwa na wifi yangu."

Watu wakasema asifiwe Bwana. Niliruka nikasema ni uongo, nikasema kwa sauti kubwa, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kuomba, maana walijua kabisa ni nani anayepiga kelele ndani yangu. Wanawake wawili walinishika mikono. Niliwaona homugadi waliokuwa mlangoni wakiondoka bila haraka.

Tulipofika nyumbani cherehani ilikuwa imelazwa ubavu na vitambaa vya watu vimekanyagwa matope. Tata alikuwa amekwisha kupandishwa lori pamoja na wengine. Mama alibaki kwenye ua. Mimi nilikimbia mpaka kwenye ubao wa nyuma wa lori. Nilitaka kumwambia si mimi. Sikupata nafasi, Tata ndiye aliyesema kwanza.

"Vidonge viko kwenye kikopo cha vifungo," akasema. "Usiruke hata siku moja."

Lori likaondoka.

Nilivimeza. Mwenyewe aliniagiza, ningefanyaje? Na daktari hakunidanganya, vilifanya kazi. Mkono ukatulia. Wiki zikapita, miezi ikapita, sikuanguka. Nilikwenda peke yangu mjini kuchukua vingine, nikakaa tena kwenye lile benchi, nikarudi. Nilishona, nilichota maji, nilisimama wima mbele ya kila mtu, na kijiji kizima kikashangilia. Umeona? Amepona. Yule mwanamke alipoondolewa tu, binti akapona.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata makao. Afya yangu ilikuwa imegeuzwa ushahidi. Kila siku niliyopita bila kuanguka ilimfunga Tata upya. Mzee wa kanisa alinisimamisha mbele nitoe ushuhuda, nikawaambia waziwazi, "Ni vidonge." Nikavionesha kwenye kiganja. Akatabasamu akawageukia watu.

"Mungu hutumia hata vidonge," akasema, na wakapiga makofi.

Mama alikuwa akinitazama kwa furaha. Hiyo furaha ilinikera kuliko makofi. Alinipikia vitu vizuri, aliniita kwa majina ya utotoni, aliimba akipalilia. Kwake alikuwa ameniokoa. Nilikula chakula chake bila kumsemesha, na alidhani ni uchovu.

Basi nikaacha vidonge. Niliviacha kwa makusudi, nikijua ninachofanya. Nilifikiri hivi: kama nilipona kwa sababu Tata alikamatwa, nikianguka tena naye bado yuko kwenye kambi ya kizuizini, hata mjinga ataona kwamba kosa halikuwa lake. Nilitaka kuanguka kanisani, mchana kweupe, miguuni pa yule mzee. Nilikwenda kila Jumapili nikaketi mbele kabisa. Vidole vilipoanza kucheza nilikaribia kufurahi.

Nilianguka wakati wa wimbo. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, nimejiuma ulimi, kinywa kimejaa damu, na siwezi kusema bado, ingawa masikio yalikuwa yamekwisha kurudi. Nikangoja kusikia wanachosema. Nikamsikia mzee.

"Hakukiri yote," alisema. "Bado kuna jina."

Nilisikia watu wakigeuka kwenye viti. Walikuwa wakitazamana. Walikuwa wakimtafuta mwingine, pale pale, mimi nikiwa bado sakafuni, na nilijua kufikia jioni watampata. Kulikuwa na mjane mmoja aliyekuwa akinipa maharagwe. Kulikuwa na mwanamke aliyenisaidia kubeba mafurushi tangu Tata aondoke. Nilijiinua kwa viwiko. Ulimi ulikuwa mzito lakini ulikuwa wangu.

"Jina liko," nikasema.

Mzee akainama anisikie vizuri. Nikamnyooshea kidole usoni.

"Ni wewe. Wewe ndiye uliyenilisha."

Sijawahi kuona uso ukibadilika haraka hivyo. Alirudi nyuma akagonga meza. Aliwatazama homugadi mlangoni, nao wakamtazama yeye, na nina hakika kwa mara ya kwanza maishani mwake alijiuliza lori linanuka vipi ndani.

"Huyu ni mgonjwa," akasema. "Jamani, mnaona wenyewe. Ana ugonjwa wa kichwa. Hajui anachosema."

Mgonjwa. Nilikuwa nimelisema neno hilo mpaka likaniota mdomoni, daktari alilisema, Tata alilisema, na yeye akalipata lilipomfaa. Watu wakaanza kutikisa vichwa. Ndiyo, ni ugonjwa, maskini. Hata ile alama si ya panga, ukiangalia vizuri. Hesabu yote waliyoipiga ilifutwa kwa muda wa pumzi moja, kwa ajili ya mtu mmoja.

Ni Mama aliyesimama. Alikuwa na shali ileile.

"Mzee," alisema polepole, "kama ni ugonjwa, wifi yangu alikosa nini?"

Alikaa amesimama hivyo, akimgeukia huyu na yule, mpaka mtu mmoja wa nyuma akaanzisha wimbo ili wasiendelee kumsikia.

Kesho yake alikwenda kwa chifu kufuta maneno yake. Aliambiwa aliyekiri amekiri, na kama anataka kusema aliidanganya serikali, lori lina nafasi. Alirudi nyumbani akakaa nje mlangoni. Alikwenda tena, na tena, hata baada ya kufukuzwa kwa kiboko. Mimi nilirudia vidonge vyangu na sikumpa neno la faraja.

Tata alirudi Hali ya Hatari ilipokuwa inakaribia kwisha. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo kwa sababu ya kubeba mawe. Kabla hajaketi alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Unameza?"

"Nameza."

Nilimweleza kuhusu miezi niliyoacha, na kwa nini. Nilidhani atafurahi. Alinikemea mpaka nikalia. Alisema hakukaa kule akivumilia ili mimi nije nijivunje kichwa kwenye saruji ya wamisheni.

Kisha Mama akaja kutoka ng'ambo ya ua, amebeba uji kwenye kibuyu. Alisimama mlangoni asijue aweke wapi macho. Tata alikuwa ameketi kwenye cherehani, sindano mkono mmoja na uzi mkono wa pili, na alikuwa amejaribu kwa muda mrefu, lakini vidole havikuiweza tena kazi hiyo. Alimtazama wifi yake. Akamnyooshea sindano.

"Nitungie," akasema.

Mama akaweka kibuyu chini akachukua sindano. Alikuwa akilia, hakuliona tundu, uzi ukampita huku na huku, na Tata akamngoja. Walipatana hapo, bila maneno mengine, na walishona pamoja mpaka mmoja wao akazikwa. Watu husema ni jambo zuri, nami sibishi. Siku ile niliinuka nikatoka nje nikasimama kwenye ua, kwa sababu nilikuwa na hasira, na hakuna aliyekuwa ameniuliza kama nimeimaliza.